Shemeji Hakupanda kwa Gia ya Juu

Nianze na sifa zangu kabla sijafika kwenye aibu, maana nikishafika huko hakuna atakayenisikiliza. Mimi ni fundi. Nikiwa nimelala chali chini ya gari, gari jingine likipita barabarani, nakwambia ni gurudumu lipi linalohitaji grisi. Injini iliyowashinda mafundi watatu nimewahi kuiamsha kwa bisibisi moja na matusi. Shule niliiacha darasa la tano, na nasikia mwalimu wa hesabu siku hiyo aliwanunulia wenzake soda. Jina la Vidole nilijipa mwenyewe, kwa sababu nilisubiri watu wanipe wakachelewa.

Lakini leo nimekaa kuandika habari za shemeji yangu, dereva wa kliniki, mke wa kaka yangu mkubwa. Mimi nimo humo ndani kwa sababu nilimharibia. Ukimaliza kusoma hutaniletea hata toroli nikutilie upepo, na sitakulaumu.

Shemeji ni mfupi. Akikaa kwenye usukani anakalia blanketi lililokunjwa mara nne ili aone mbele, na kila siku nilikuwa namwambia, "Shemeji, ukikunja mara tano utagonga paa." Naye hujibu bila kugeuka, "Na wewe siku ukinyamaza tutajua umekufa." Ndivyo tulivyokuwa. Asipopita gerejini kwangu, nyuma tu ya ukuta wa kliniki, anitukane kidogo na mimi nimtukane kidogo, siku ilikuwa haijaanza.

Aliingia kliniki kama mfagiaji. Alifagia korido miaka sita. Dereva wa zamani alikuwa mzee mvivu, gari likipigwa na jua anamtupia funguo, "Dada, hebu lisogeze kivulini." Akawa analisogeza. Kivuli kikihama, analisogeza tena. Mwaka mzima aliendesha kutoka juani kwenda kivulini, mita kumi kwenda, mita kumi kurudi, mpaka akalijua lile gari kuliko dereva mwenyewe. Mzee alipostaafu, shemeji akaenda kufanya mtihani wa leseni akafaulu mara ya kwanza. Kaka yangu, ambaye ni fundi cherehani na mtu wa subira, aliwahi kuufanya mtihani huohuo mara mbili akaangusha nguzo zote. Mpaka leo ukitaka kumnyamazisha kaka, taja nguzo.

Halafu kliniki ikaletewa kigari cha porini, watu wakakiita Panzi. Viti viwili ubavu kwa ubavu, hakina milango, juu ya kichwa vyuma kama kitanda kilichopinduliwa, nyuma kasha la mizigo. Kinapita kwenye mawe na matope ambako gari la kawaida linakaa chini na kulia. Kazi yake ilikuwa moja: kupeleka muuguzi na chanjo kituo cha juu, mlimani. Kwa miguu ni saa nne. Kwa Panzi, dakika hamsini. Karibu na mwisho wa njia kuna mwinuko mkali, watu wanauita Kifua, kwa sababu ukiupanda kwa miguu kifua ndicho kinachokusema.

Shemeji alikuwa na desturi yake pale. Akifika chini ya Kifua anasimama kabisa, anavuta gia kwenda ile ya chini, yenye nguvu, na kusema kwa sauti, "Chini!" ili muuguzi aliye pembeni ajishike. Hakuwahi kuruka hata siku moja. Akiwa peke yake anasema vilevile. Nilimtania mbele ya kaka kwamba hata kitandani akitaka kugeuka anasema "Chini!" Kaka akatoa pini mdomoni akasema, "Na mimi najishika."

Sasa, mwaka ule mvua zilikula njia. Panzi akaanza kuzama. Mkuu wa usafiri wa kliniki, ambaye tunamwita Mzee wa Fomu kwa sababu ana fomu ya mafuta, fomu ya tairi na nadhani fomu ya kuomba fomu, akaagiza tairi kubwa: ndefu, pana, zenye meno kama ya mamba. Nilipozifunga, Panzi akasimama kama mtoto aliyevaa viatu vya babake.

Nieleze klachi kidogo, kwa lugha ya nyumbani. Panzi hana klachi ya kukanyaga kwa mguu. Ana puli mbili, moja kwenye injini, nyingine upande wa magurudumu, na mkanda wa mpira unazunguka kati yake. Ndani ya puli ya mbele kuna vizito vinne, vyuma vidogo, kila kimoja kama kidole gumba. Injini ikizunguka, vinarushwa nje, vinaibana puli, puli inaubana mkanda, gari linaondoka. Ukibadilisha ukubwa wa tairi, ubadilishe na vizito, la sivyo injini na magurudumu havitaelewana. Hilo nililijua. Mimi ndiye niliyemwambia Mzee wa Fomu aagize na vizito, na nikajisifu wiki nzima kwamba fundi mwingine asingekumbuka.

Boksi lilikuja na seti mbili, nyepesi na nzito, pamoja na karatasi iliyokunjwa mara nane, imejaa Kizungu na majedwali. Shemeji alikuwa amekaa juu ya ndoo akisubiri gari lake. Wateja wengine wawili walikuwa wamesimama mlangoni.

"Shemeji, kuna karatasi humo," akaniambia.

"Nimeiona."

"Lete nikusomee."

Yeye alifika kidato cha nne. Kizungu cha kuongea hana, lakini cha karatasi anakimudu. Mimi hata Kiswahili nasoma nikisogeza kidole, neno baada ya neno, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Hilo yeye analijua. Wale wateja walikuwa hawajui.

"Karatasi ni za mafundi wasio na mikono," nikamwambia. "Mimi chuma nakisoma kwa vidole."

Wateja wakacheka. Nikachukua ile karatasi nikaifutia mafuta ya mikono, wakacheka zaidi. Shemeji akatikisa kichwa tu.

Nikafunga seti nzito. Hesabu yangu ilikuwa fupi: tairi zimeongezeka uzito, basi na vizito viongezeke. Niliona akili yangu inang'aa kama rimu mpya. Tukamjaribu Panzi kwenye uwanja wa kliniki, kwenye tambarare, na watu wakatokeza madirishani kuangalia. Akateleza kimya, laini, kama siagi.

"Mbona kimya hivi?" shemeji akauliza alipozunguka na kurudi. "Zamani akianza kuondoka alikuwa anapiga kelele."

"Wewe umezoea kelele za kaka. Hiki ndicho kinaitwa ufundi. Sikiliza ufundi ulivyo kimya."

Kile kimya kilikuwa injini inayokosa pumzi. Yeye alisikia. Mimi nilikuwa nasikiliza makofi.

Safari mbili za kwanza alipanda na mzigo mdogo, akafika akilalamika kwamba Panzi ni mzito wa kuamka. Nikamwambia ni tairi mpya, zitazoea. Safari ya tatu ilikuwa siku ya chanjo. Kasha limejaa maboksi yenye barafu, muuguzi pembeni, na kule juu kina mama wamekusanyika, wengine waliondoka kwao alfajiri na watoto mgongoni. Saa nne asubuhi simu yangu ikalia.

"Shemeji, Panzi ananuka mpira. Injini inalia lakini magurudumu hayaendi. Tupo katikati ya Kifua."

"Zima, subiri apoe."

"Nimezima. Moshi unatoka."

Mkanda ulikuwa umeungua. Yeye na muuguzi walijitwika maboksi kichwani wakapanda kwa miguu, wakarudi kuchukua mengine, wakapanda tena. Walipofika na boksi la mwisho jua lilikuwa utosini na barafu imekuwa maji. Muuguzi akaangalia zile alama kwenye chupa zinazoonyesha dawa imeshika joto, akasema haziwezi kutumika. Kina mama zaidi ya hamsini wakafunga tena watoto mgongoni wakarudi walikotoka.

Mimi nilikwenda na trekta la kukodi kumvuta Panzi na kuwarudisha. Alasiri nikamfungua gerejini. Mkanda ukatoka nyuzinyuzi, kama nywele za mtu aliyetoka kugombana. Na nikaona alama kwenye puli ya mbele: ilikuwa inafunga mapema mno, kama mtu anayeanza mlima kwa hatua ndefu mpaka pumzi inamkatika. Nilijua palepale. Vizito vyangu. Mikono yangu.

Nyuma yangu alikuwa amesimama Mzee wa Fomu, na fomu. Nyuma yake muuguzi, watu wawili watatu wa kliniki, na shemeji, matope mpaka magotini, ameshika boksi tupu kwa sababu hakuna aliyemwambia aliweke chini.

"Fundi, sababu ya uharibifu?" akauliza Mzee wa Fomu. "Hapa pana sehemu mbili. Hitilafu ya chombo, au kosa la dereva."

Sehemu ya kosa la fundi haikuwepo. Aliyeitengeneza fomu ile simjui, lakini nadhani alikuwa fundi.

Ningeweza kusema chombo. Mzee wa Fomu angeuliza hitilafu gani, na nani aliyefunga, na kwa nini. Watu wote walikuwa wananiangalia. Mdomo wangu ukatangulia.

"Amepanda kwa gia ya juu," nikasema. "Mkanda hauungui hivi hivi. Alisahau kuvuta chini."

"Hapana," akasema muuguzi. "Mimi nilikuwa pembeni yake. Alisema 'Chini,' nimesikia kwa masikio haya."

"Dada muuguzi, kusema chini na kuvuta chini ni vitu viwili. Mimi mwenyewe kila siku nasema nitapunguza kula."

Watu wakacheka. Hata Mzee wa Fomu alicheka, na yule huwa hacheki bila kibali. Akaweka tiki kwenye kosa la dereva, nikaandika jina langu chini yake. Shemeji aliangalia mkono wake wa kulia, akaugeuza, akaangalia kiganja.

Kesho yake alirudishwa kwenye korido, na ufagio.

Jioni ileile nilimpigia simu muuza spea wa mjini. Nilizungukazunguka, nikauliza habari za familia, mwisho nikauliza kama kwa bahati mbaya tu: mtu akiweka tairi kubwa, afunge vizito vipi?

"Vyepesi, ndugu," akasema. "Tairi kubwa peke yake ni mzigo kwa injini. Ukiongeza na uzito wa vizito, puli inafunga mapema, injini inakosa nguvu, mkanda unateleza na kuungua. Si imeandikwa kwenye karatasi?"

"Imeandikwa," nikasema.

Sasa sikia nilichofanya, maana hapa ndipo ninapojichukia zaidi. Ningeacha klachi ilivyo, dereva mwingine angeunguza mkanda wa pili na ukweli ungejitokeza wenyewe. Nikaona hiyo ni hatari kwangu. Nikafunga mlango wa gereji. Nikachukua seti nyepesi, nikaenda kuazima mizani kwa sonara wa mtaa wa pili, ile ya kupimia pete, nikapima kizito kimoja kimoja. Viwili vilipishana kwa unywele, nikavipiga msasa mpaka vinne vyote vikawa sawa kabisa. Nikabadilisha springi ya puli. Nikafunga mkanda mpya, nikausafisha kwa kitambaa kikavu kama mtu anayeosha mtoto mchanga. Kisha nikampeleka Panzi mwenyewe mpaka Kifua, nikajaza mawe kwenye kasha, nikavuta chini, nikapanda. Alinguruma tangu mwanzo, akapanda kama anayeshuka. Nilisimama juu pale peke yangu, injini inapumua vizuri. Katika maisha yangu sijafanya kazi safi kuliko ile, na sikuwa na mtu wa kumwambia.

Funguo za Panzi akapewa dereva wa gari la wagonjwa, kijana mtanashati tunayemwita Miwani, kwa sababu ile yake ya jua haivui hata kwenye chumba chenye giza. Miwani akapanda Kifua mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tano. Panzi hakukohoa. Miwani akashuka anazungusha funguo kidoleni.

"Mnaona?" akawa anawaambia watu. "Gari zima kabisa. Ni mguu wa mtu tu, na mkono. Si ndiyo, Vidole?"

"Ndiyo," nikasema.

Kule juu nako akawasimulia kina mama: dereva wenu yule alilala kwenye gia. Utani wangu wa kusema chini na kuvuta chini aliuchukua kama ulivyo akauongezea chumvi. Ukawa unazunguka kliniki nzima. Mtu akiambiwa amesahau kufunga bomba, anajibiwa, "Alisema tu, hakuvuta." Nilikuwa nausikia kutoka kwa watu wasionijua.

Na kila kazi yangu ilivyokuwa nzuri, ndivyo shemeji alivyozidi kuonekana mkosaji. Panzi akipanda vizuri, ni ushahidi dhidi yake. Nilimfunga kwa ufundi wangu mwenyewe.

Jumapili huwa nakula kwa kaka. Nilikwenda, kwa sababu nisingekwenda wangeuliza. Kaka alikuwa anapinda pindo la sare za shule, mashine inakwenda polepole. Shemeji akaleta maji ya kunawa.

"Karibu, Fundi."

Fundi. Tangu aolewe, miaka kumi na miwili, hakuwahi kuniita hivyo. Nikatafuta utani wa kumjibu, nikatafuta mfuko wa kushoto, mfuko wa kulia, sikuupata. Tulikula. Kaka alipotoka kumpelekea mteja nguo, shemeji akakaa mbele yangu, mikono juu ya magoti.

"Fundi, nataka kukuuliza kitu. Usinitanie."

"Uliza."

"Mtu akipanda kwa gia ya juu, anasikia nini mkononi? Kuna kitu kinatetemeka? Usukani unakuwaje?"

"Kwa nini unauliza?"

"Kwa sababu mimi nakumbuka nilivuta. Nakumbuka kabisa, baridi ya kile chuma. Lakini Miwani anapanda kila siku na hakuna kitu. Kwa hiyo labda nakumbuka siku nyingine. Pale nimepanda zaidi ya mara mia, siku zinafanana. Labda mdomo ulisema na mkono ukasahau, kama ulivyosema."

Nikakusanya makombo ya chakula kwa kidole.

"Jana nimefunga mlango nikaenda kazini," akaendelea. "Nikarudi kuangalia kama nimefunga. Nikaondoka, nikarudi tena. Mara tatu. Nimeanza kuogopa mikono yangu."

Ningependa kuandika kwamba niliinuka palepale nikasema yote. Sikuinuka. Nilisema, "Hutokea, shemeji. Mtu akichoka hutokea." Kisha nikanawa mikono, nikasema nina kazi gerejini, siku ya Jumapili, na yeye akanisindikiza mpaka mlangoni. Nilipogeuka nilimwona anajaribu kitasa.

Siku zile tatu zilizofuata sitazisimulia. Nilifunga breki za gari moja kinyume, nikafungua, nikafunga tena kinyume. Mteja akaniuliza kama naumwa.

Alhamisi Mzee wa Fomu akaniita ofisini kwake. Ofisi yenyewe ni meza, kiti na mafaili mpaka dirishani, mwanga unaingia kwa ruhusa. Akanisogezea karatasi.

"Fomu ya uthibitisho. Tunambadilisha dereva moja kwa moja. Yule mama arudi usafi kabisa, Miwani apewe Panzi. Wewe unathibitisha tu ile sababu, unasaini, kazi kwisha."

Mtu anayesoma haraka angeruka mpaka kwenye mstari wa saini. Mimi siwezi kuruka. Nikaweka kidole kwenye neno la kwanza. Mimi. Fundi. Nathibitisha. Kwamba. Neno baada ya neno, mpaka kidole kikasimama juu ya majina ya shemeji, yote matatu, lake na la babake na la babu yake. Kidole kikakwama hapo.

"Kalamu haiandiki?" akauliza.

"Inaandika."

"Basi saini."

"Mzee, mimi ndiye niliyeunguza ule mkanda."

"Wewe hukuwepo kwenye gari."

"Nilifunga vizito visivyofaa. Tairi kubwa inataka vyepesi, mimi nikafunga vizito zaidi. Karatasi ilieleza, sikuisoma. Siwezi kuisoma. Baadaye nikabadilisha kimyakimya, ndiyo maana Miwani anapanda. Mtu yeyote angepanda sasa. Hata kaka yangu."

Mzee wa Fomu akavua miwani yake, akaifuta, akaivaa. Akafungua droo, akafunga. Akafungua nyingine.

"Hili halina fomu," akasema polepole. Nilimwona mtu mzima amepotea nyumbani kwake.

Akafungua mlango akamwita shemeji kutoka koridoni. Aliingia na dekio na ndoo, mikono imelowa. Muuguzi aliyekuwa anapita akasimama mlangoni naye. Mzee wa Fomu akanionyesha kwa kidevu.

"Mwambie."

Nikamwambia. Sikumbuki nilianzia wapi, najua nilikuwa naangalia ndoo. Nilipomaliza, hakuuliza kuhusu kazi, wala kwa nini.

"Kwa hiyo nilivuta?"

"Ulivuta."

"Sema tena."

"Ulivuta chini, shemeji. Mkono wako haukusahau kitu."

Akaegemeza dekio ukutani, likaanguka, hakuna aliyeliokota. Akaufuta mkono wa kulia kwenye aproni, taratibu, kila kidole.

"Wiki tatu," akasema. "Wiki tatu nauangalia huu mkono kama wa mtu mwingine."

"Funguo utapata leo," akasema Mzee wa Fomu. "Nitaandika barua. Kwa mkono, ikibidi."

"Asante, mzee. Na huyu asimguse tena Panzi."

"Sawa."

"Na wale kina mama wa juu?" Alikuwa bado hajaniangalia. "Wanaamini nililala kwenye gia watoto wao wakakosa chanjo. Barua yako hawataiona. Jumanne ni siku ya chanjo. Aje, awaambie mwenyewe."

"Viti ni viwili," akasema Mzee wa Fomu. "Wewe na muuguzi. Fomu ya abiria wa tatu hakuna."

"Mwandike mzigo," akasema shemeji.

Muuguzi akacheka mlangoni. Mimi nikajikuta nataka kucheka pia, ilikuwa nzuri kuliko zangu zote, lakini sikuona kama nina haki.

Jumanne nikakaa nyuma kwenye kasha, katikati ya maboksi, nimeyakumbatia yasigongane. Tulipofika chini ya Kifua akasimama kabisa. Akavuta gia. "Chini!" akasema, na muuguzi akajishika. Lakini kabla hajaondoka aliinamisha kichwa akaiangalia gia, akaigusa, akaiangalia tena. Zamani hakuwa anaangalia. Hilo nililiona kutoka nyuma, na hakuna spana ya kulirekebisha.

Kituo cha juu ni chumba kimoja chenye kibaraza na mabenchi. Kina mama walikuwa wamejaa mpaka nje, watoto wanalia kwa zamu. Walipomwona shemeji kwenye usukani, mazungumzo yakashuka. Mmoja akamnong'oneza jirani yake. Shemeji akazima injini, akaanza kushusha maboksi kama vile hakusikia.

Nikapanda kwenye ngazi ya kibaraza. Nilikuwa nimeshika kofia.

"Kina mama, mimi naitwa Vidole," nikaanza, "fundi ambaye hata jeki ikiniona inainuka yenyewe."

Hakuna aliyecheka. Mtoto mmoja akapiga chafya. Nikaona mdomo wangu umenitangulia tena, nikaurudisha.

"Siku ile mliyorudi nyumbani bila chanjo, dereva hakukosea. Alifanya kila kitu anachotakiwa kufanya. Gari liliharibika kwa sababu mimi nililifunga vibaya. Halafu nikasema ni yeye. Nilimsingizia."

Mama mmoja aliyekuwa benchi la mbele, ana mapacha, mmoja kifuani na mmoja mgongoni, akanyanyua uso.

"Ulijua lini?"

"Kwamba ni mimi?"

"Ndiyo. Ulijua lini?"

"Siku ileile. Nilipofungua tu."

"Na ukakaa kimya."

"Nikakaa kimya."

"Mimi kwangu ni saa tatu kwa miguu," akasema. "Na hawa wawili. Nilimwita dada huyu mzembe, hapa hapa, mbele ya watu, wiki iliyopita. Nikamwombea mabaya." Akageuka kumtafuta shemeji kwa macho. "Dada, nisamehe."

"Hukujua," akasema shemeji. Alikuwa ameinama juu ya boksi, anahesabu vipande vya barafu vilivyobaki vigumu. "Vyote vizima. Tuanze. Watoto wa chini ya mwaka mmoja wakae upande huu."

Mabenchi yakaanza kusogea. Watu wakapita pande zangu mbili kama maji yanavyopita jiwe. Nilikuwa nasubiri mtu anitukane. Nilijiandaa kwa matusi tangu Alhamisi, nilikuwa na majibu ya unyenyekevu yamepangwa. Hayakuja. Yule mama wa mapacha akainuka, akamrekebisha wa mgongoni, akasimama mbele yangu akaniangalia tangu viatu mpaka utosi.

"Haya, umeshasema," akasema. "Sasa sogea, unaziba njia."

Nikasogea.